Sawa ya Jumapili

Nimeshasema sawa nyingi maishani bila kujua nakubali nini. Nilikubali kuwa katibu wa kikundi cha wanawake ambacho sikujua hata kinakutana siku gani. Nilikubali kumlea paka wa jirani wiki mbili. Nikashtukia mlango unagongwa, paka yumo kwenye kikapu na jirani ana begi lake begani. Nimekubali rangi za kuta na zamu za watu wengine, na mara moja, Mungu anisamehe, nilimwambia mfiwa "hongera" kwa sababu nilivyomsoma usoni nilidhani ananipa habari njema. Hizo zote nilizimeza. Hii ya Jumapili ndiyo iliyonikaba.

Ngoja nieleze, ingawa kueleza kwenyewe kunanichosha, na ndiyo maana miaka yote nilikuwa sielezi. Mimi si kiziwi. Nasikia sindano ikidondoka, nasikia bomba la jirani likivuja. Tatizo langu ni maneno. Yakija katikati ya kelele, au wakiongea watu wawili kwa pamoja, au mtu akiniambia jambo huku kanipa mgongo, nasikia sauti tu. Najua ni Kiswahili, najua hata kama mwenye sauti amekasirika au anatania, ila maneno yenyewe hayajajipanga. Yanajipanga baadaye, sekunde tatu nne hivi, na kufikia hapo mwenzangu keshaenda mbali. Kwa hiyo nakimbia nyuma ya mazungumzo kutwa nzima. Ikifika saa kumi na moja jioni nimechoka kama niliyebeba matofali, na sijabeba kitu.

Ukimwomba mtu arudie, anapandisha sauti. Jamani, sauti ninayo ya kutosha! Ukimwomba tena, anasema "acha tu, si muhimu," na uso unamkunjamana. Basi ndiyo hapo sawa inapozaliwa. Ni neno jepesi, halimuudhi mtu, na linakuruhusu kwenda kulala.

Mtaani wanasema najisikia, eti siitikii salamu. Laiti wangejua.

Nilipimwa nikiwa na miaka arobaini na sita, tena kwa sababu hospitali ninakofanya kazi iliamua kuwapima masikio wafanyakazi wote wa vyumba vyenye kelele. Daktari alinifungia kwenye kichumba, nikawa nabonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Akatoka anacheka: "Mama, wewe una masikio ya msichana!" Nusura nimzabe kibao. Bahati nzuri palikuwa na mtaalamu mmoja wa kike, mnyamavu, ambaye aliniuliza mbona nimekunja uso. Nikamweleza. Akanirudisha ndani. Safari hii akaniwekea sentensi, kisha sentensi zenye kelele za soko nyuma yake, kisha neno hili sikio la kulia na neno lile sikio la kushoto kwa wakati mmoja. Nilitoka mle nimelowa jasho.

"Sikio linapokea mzigo wote," akaniambia. "Anayeupanga huko ndani ndiye anayezidiwa."

Akasema ni ubongo, unachelewa kuzichambua sauti, na huenda nilizaliwa hivyo. Hakuna kidonge. Kuna namna ya kuishi nao: punguza kelele, watu wakutazame, waongee mmoja mmoja, ikiwezekana waandike, na uwaambie kwamba uko hivyo. Hilo la mwisho alilipigia mstari kwenye karatasi. Nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye pochi, nikarudi kazini.

Nilimwambia Mama peke yake. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha, akanitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo hukuwa mkaidi," akasema.

"Sikuwa."

"Na mimi nilikuwa nawaambia walimu wakuchape."

Hatukulizungumza tena, lakini roho ilimuuma, nilimwona. Maskini, bila kufundishwa na mtu, yeye ndiye aliyekuwa amegundua dawa tangu nikiwa mtoto. Akitaka kuniambia kitu anaacha anachofanya, anakuja mbele yangu, anasema maneno machache, anangoja. Hakuna mwingine duniani aliyewahi kuningoja. Mume niliyekuwa naye alikuwa hodari wa kutoa maagizo akiwa bafuni, maji yanamwagika, kisha anatoka ananuna kwa sababu sikufanya. Alipoondoka, Mama akahamia kwangu. Miaka minane sasa. Mwenye nyumba akija, Mama ndiye anayeongea naye halafu ananigeukia ananieleza. Simu ikilia, Mama ndiye anayepokea, maana simu kwangu ni mateso matupu, sauti bila uso. Muuza gesi, fundi bomba, jirani wa chini mwenye malalamiko ya maji, wote walizoea kumwita yeye.

Kazini nilijitafutia njia mwenyewe. Nipo chini kabisa ya hospitali, kwenye chumba tunakosafisha vyombo vya upasuaji. Mikasi, koleo, visu, na vijiko vya ajabu ambavyo hata madaktari huviita "kile kidude". Vinaingia vichafu mlango huu, vinaoshwa, vinakaguliwa chini ya taa, vinapangwa kwenye sinia kwa kufuata orodha, vinafungwa kitambaa, vinapikwa kwenye mashine za mvuke, vinatokea mlango ule. Mashine tatu zinavuma kutwa. Kila mtu amevaa barakoa, kwa hiyo midomo, ambayo ndiyo ninayoisoma, siioni. Na wauguzi wa juu wanakuja kwenye kidirisha wanapiga kelele: leteni seti hii, leteni seti ile! Miaka ya mwanzo nilikuwa naishi kwa kudra za Mungu. Siku moja nikachoka, nikafunga daftari na kalamu kwa kamba pale kidirishani. Asiyeandika hapati kitu. Walinisema weee! Waliniita Karani. Msimamizi akaniita ofisini kwake kuniuliza nina maana gani, nikamjibu kwa jeuri kwamba sauti haina saini. Akacheka. Leo idara nzima inafuata utaratibu huo na wanaamini ni mambo ya usalama wa mgonjwa. Sikumwambia hata mmoja sababu yenyewe.

Sasa, Jumapili.

Jumamosi yake nilikuwa nimefanya zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, wenzangu wawili wakiwa wagonjwa. Jumapili mchana tukaenda kwa Kaka, mimi na Mama. Kaka alikuwa ameitisha kikao cha familia, na nilijua ni habari za goti la Mama, maana lilikuwa linamsumbua na kwangu ni ghorofa ya tatu, lifti hakuna.

Sebule ya Kaka ni vigae mpaka ukutani. Hakuna zulia wala pazia la maana. Neno moja linagonga pande nne kabla halijanifikia. Runinga ilikuwa na mpira, watoto walikuwa na mpira wao. Wifi yangu alikuwa jikoni anasaga juisi, mlango wazi. Na mdogo wetu wa mwisho, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hana pa kumzimia, alikuwa amekaa pembeni yangu kabisa. Nampenda, lakini kwangu Redio huyu haachi kukwaruza.

Dakika kumi za mwanzo nilijitahidi. Nilimkazia macho Kaka mdomoni, nikapata goti, nikapata ngazi, nikapata daktari. Kisha Redio akaongea juu yake, wifi akajibu kutoka jikoni, mashine ya juisi ikanguruma, na hapo nikaachia. Kuna mahali mtu anafika anaachia tu, hata angependa kushikilia. Unakaa. Unatabasamu wengine wakitabasamu. Nilimwona Mama naye akiongea, ameinama anatazama mikono yake, kwa sauti ndogo na kwa muda mrefu. Nikasema moyoni, huyu nitamuuliza nyumbani. Sikumuuliza, usingizi ulinichukua na viatu miguuni.

Mama alipomaliza, wote wakanigeukia. Uso wa mtu anayengoja jibu naujua vizuri kuliko jina langu. Kaka alikuwa ameinua nyusi. Redio amenikodolea macho. Hata mpira ulikuwa mapumziko.

"Sawa," nikasema. "Hamna shida."

Redio akanikumbatia, akasema kitu nisichokipata. Mama akanitazama kidogo, kisha akarudisha macho kwenye glasi yake. Mimi nilifurahi tu kwamba tunaweza kwenda nyumbani.

Jumatano, nikiwa kazini, ukaingia ujumbe wa Kaka. Ujumbe wa maandishi ni rafiki yangu siku zote. Huu ulinikata maini. "Jumamosi saa nne asubuhi nakuja na gari kumchukua Mama. Kitanda kipo, aje na nguo na dawa tu. Nashukuru hukutuletea ugumu, mdogo wangu."

Niliusoma mara tatu nimeshika koleo mkononi. Kwanza sikuelewa, kisha nikaelewa, kisha nikakaa juu ya kreti. Nilikuwa nimemtoa Mama nyumbani kwangu kwa neno moja, mbele ya watoto wake wote, mbele yake mwenyewe! Na ni aibu kusema, lakini nasema: kitu cha kwanza nilichowaza ni nani atakayekuwa anapokea simu. Cha pili kilikuwa Mama, alivyonitazama na glasi yake ya juisi, akidhani mwanawe amechoka naye.

Nikamwandikia Kaka: "Sikukubali. Mama haendi popote." Akajibu: "Tutaongea nikija." Kaka akiandika maneno mawili, ameshafunga mjadala.

Nyumbani nilimkuta Mama kitandani kwake, anakunja kanga na kuzipanga kwenye sanduku. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, sikutaka uende."

Aliendelea kukunja. "Si ulikubali?"

"Sikusikia walichosema. Nilikuwa nimechoka. Nilisema tu."

Mikono yake ikasimama. Akaniangalia, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyeambiwa basi alilopanda siyo lake. Nikangoja aniambie kitu. Kwa kawaida angeniambia.

"Hukusikia hata nilichosema mimi?" akauliza.

"Hata wewe. Ulisema nini?"

Akachukua kanga nyingine, akaitandaza mapajani, akaipiga pasi kwa kiganja. "Nilishasema yangu siku ile," akasema. "Siwezi kuyaanza upya leo. Wakija tutaongea."

Nikajua amekasirika. Nikajua alinitetea, au alijitetea, alisema hataki kutupwa huku na huku kama mzigo, na mimi mwanawe wa kuzaa nikakaa pale natabasamu. Usiku ule na uliofuata nilikula hasira zangu mwenyewe. Niliwakasirikia wote. Kaka na vigae vyake, wifi na juisi yake ambayo hakuna aliyeiomba. Nilimkasirikia hata yule mtaalamu na mstari wake. Zaidi ya wote nilijikasirikia mimi, mtu mzima ninayekubali mambo kama mtoto anayeogopa fimbo. Lakini liwalo na liwe, nikaamua, Jumamosi nitawaambia.

Walikuja saa nne kasoro: Kaka, wifi, na Redio nyuma yao anaongea tangu ngazi ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa. Viti nilivipanga duara, dirisha la barabarani nimelifunga, feni nimeizima. Wifi akaanza kujipepea kwa mkono.

"Kuna nini, tunafukizwa?" akasema.

"Kaeni," nikasema. "Naomba leo mnisikilize mimi. Mkitaka kuongea, aongee mmoja, anitazame. Akimaliza ndiyo mwingine aanze."

"Ehe, mwenyekiti," Redio akasema.

"Wewe ndiye wa kwanza kunyamaza."

Akanyamaza. Nadhani alishtuka, maana sijawahi kumpandishia sauti. Nikatoa ile karatasi ya hospitali nikampa Kaka aisome, na wakati anaisoma nikaeleza. Nilieleza vibaya, nilirudia rudia, nilianzia katikati. Nikawaambia habari za fimbo za shuleni, za daftari la kidirishani, za paka. Nikawaambia kwamba kwenye kila sherehe na kila kikao tangu tukiwa wadogo nilikuwa nasoma nyuso na kubahatisha, na kwamba nimechoka, nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Wifi akanisogelea, akaziba mdomo kwa kiganja, akanong'ona: "Hii unaisikia?"

"Naisikia, wifi. Nimesema mimi si kiziwi."

"Sasa mbona..."

"Mwache," Kaka akasema. Alikuwa bado ameshika karatasi. Akaisoma tena, midomo ikitikisika. "Kwa hiyo zile siku zote mimi nakuita kiburi..."

"Ndiyo."

"Hata kwenye arusi yangu? Ulipokaa nje?"

"Muziki, Kaka. Nilishindwa."

Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na Kaka si mtu wa machozi. Redio alikuwa ameshanishika mkono. Sitadanganya, nilijisikia vizuri. Niliona mzigo umetua. Basi nikalitoa lile lililonifanya nipange viti.

"Kwa hiyo Jumapili sikukubali kitu," nikasema. "Sikujua mnasema nini. Mama haondoki. Goti nitalishughulikia, nitatafuta nyumba ya chini, nitahama hata wiki hii. Nyinyi mlipanga, na mimi nawaambia hapana."

Kaka aligeuka. Alimtazama Mama. Wifi naye akamtazama Mama, na Redio akauachia mkono wangu polepole.

"Mdogo wangu," Kaka akasema, ananitazama kama nilivyomwagiza, neno moja moja, "si sisi tuliopanga."

Mama alikuwa kwenye kiti cha karibu na sanduku lake. Akajiinua kidogo, akakigeuza kiti mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Ni mimi niliyeomba," akasema. "Nilisema Jumapili, mbele yako. Nilisema nimechoka."

"Ngazi," nikasema.

"Ngazi ningezipanda." Akangoja, kama anavyongoja siku zote, mpaka alipoona nimemaliza. "Nimechoka kusikia kwa ajili ya watu wawili. Mlango ukigongwa, nashtuka. Nikisinzia mchana, nasinzia sikio moja liko macho. Siwezi hata kwenda kwa dada yangu siku mbili, nawaza nani atakuja na wewe utamwelewaje. Nina miaka sabini na mitatu. Nataka kukaa kwenye nyumba ambayo simu ikilia, si yangu. Jumapili uliposema sawa, nilidhani umenielewa. Nililala usingizi ule ambao sijaulala miaka."

Dirisha lilikuwa limefungwa na feni imezimwa. Watu wanne walikuwa wamenielekea, na aliyeongea alikuwa mmoja tu, uso wake uko mbele ya wangu, kwenye mwanga. Hakuna siku niliyowahi kuwekewa maneno vizuri namna hiyo.

"Sijakupata, Mama," nikasema. "Rudia."

Akarudia. Polepole zaidi, maneno yale yale, mikono yake mapajani. Redio alikuwa analia.

"Bado. Rudia."

Kaka akainamisha kichwa. Mama akavuta pumzi, akaanza tena kutoka mwanzo, ni mimi niliyeomba, na mimi nikawa naitazama ile midomo jinsi inavyochoka.

Nilikuwa nimempata tangu mara ya kwanza.